Nusu Mzunguko

Saa nne hapa Grogan, jua bado changa,
lakini kwadi ya Lemashon, pikipiki hii ya miguu minne,
imeshachemka, inatema maji kama sufuria ya maharagwe.
"Feni imekufa," asema kijana wa spea.
Mpya ameshaileta, ndani ya boksi.

Ngoja kwanza.
Naiunga ya zamani moja kwa moja kwenye betri:
inazunguka, inanipulizia vumbi la Ngong usoni.
Maiti gani huyu?

Fyuzi nzima. Relei inagonga, tik,
kama mgeni anayebisha nyumba iliyohamwa.

Nafuata waya kwa kidole
chini ya kiti, nyuma ya bomba,
mpaka arthi inapoushika mwili wa chuma:
kutu, tope kavu,
skrubu imelegea nusu mzunguko.

Nakwangua kwa msasa. Nakaza. Naongeza maji.
Halafu tunakalia matairi, injini ikinguruma,
tukiomba ichemke,
sisi tuliokuwa tukiulaani moto tangu asubuhi.
Lemashon hapepesi macho.

Vuu.

Kijana wa spea anafunga boksi lake,
anaondoka bila kuaga.