Kwa Atakayemchukua Guru

Njoo Jumamosi, kabla bati halijashika moto.
Mtaa wa Iganga, mlango wa kijani, cherehani barazani.
Gomesi tatu zinaning'inia, ya nne haina mikono bado,
uzi wa zambarau umeniishia.
Usiulize paka. Uliza Guru.

Guru, kwa sababu lori la miwa la Kakira
— hapana, nianze vizuri.
Lilikuwa tenki la molasi. Lilipinduka penye mzunguko,
watu wakaja na madebe, na vikombe, mmoja na kofia yake,
na alasiri, utamu ulipokwisha kuchotwa,
kikabaki kitu kimoja mtaroni, kimeganda, kinapumua.
Watoto wa jirani walisema ni kiatu.
Kiatu kikafumbua jicho.

Jicho moja. La pili tulilitafuta siku tatu
kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha bitana,
tukalikuta lipo, dogo, lina hasira.
Manyoya yalipokauka yakatoa rangi ya sukari guru,
ile iliyokuwa ikipikwa kwa mama yangu, Kaliro,
tukipigwa mikono kwa kuchovya kabla haijapoa.

Daktari Tenywa amemfunga kizazi.
Amemchoma sindano ya kichaa cha mbwa
(paka, achanjwe ugonjwa wa mbwa!
Nilicheka peke yangu juu ya bodaboda,
yeye kikapuni akinilaani njia nzima).
Cheti nitakupa. Kimeandikwa: jike, miaka miwili hivi.
Hiyo "hivi" niliiongeza mimi.

Wamekuja wengine kabla yako.
Mmoja alitaka wa kulinda mahindi, alale stoo,
asilishwe, ili awe mkali.
Nikamwambia hata askari wa benki hula posho.
Bibi Naigaga aliuliza kama hana jini.
Anaye, nikasema, jini wa mukene:
akisikia mfuko unachakacha anapanda mabega ya mtu.
Hakucheka. Ameacha kitambaa chake hapa, hajakifuata.

Sasa sikiliza, maana haya hayamo kwenye cheti.
Hali mukene wenye mchanga. Uoshe mara mbili.
Madebe anayaogopa; ukichota maji tumia ndoo ya plastiki,
au mwambie kwanza.
Sikio lililochanika usiliguse mpaka alilete mwenyewe.
Mwezi wa kwanza hatalileta.
Mvua ikipiga bati ataingia uvunguni,
atoke baadaye na utando wa buibui kwenye sharubu
kama bwana harusi aliyechelewa kanisani.

Na usiku wa kwanza hatalala.
Msimu wa harusi nashona mpaka saa sita,
yeye analala juu ya vipande vya hariri,
cherehani inanguruma, naye ananguruma,
sijui nani alimfundisha nani.
Wewe huna cherehani. Ulisema kwenye simu
kwamba unatengeneza saa, unaishi peke yako,
na kwamba kimya cha nyumba yako kina sindano tatu.
Kwa maneno hayo nilikukubali.
Mwekee saa mojawapo karibu, hata mbovu,
ile inayotembea kidogo ikasita.
Atakaa aisubiri.

Leta kikapu chenye kifuniko. Bei hakuna.
Usinishukuru mlangoni, wala usisimame kuniambia
kwamba naweza kuja kumwona siku yoyote.
Mimi nitakuwa na kazi: gomesi ya nne, mikono yake.
Na ukifika kona ya posta, kikapu kikilia,
ukasikia nyuma yako cherehani bado inakwenda,
inakwenda mbio,
usidhani nashona.