Chupa Tano, Ngara

Hayashida karudi kwao, barabara yake imekwisha.
Amemwachia Kerubo, mkalimani wake wa miaka miwili,
kamusi iliyochanika mgongo, viatu vya matope,
na chupa tano za sake ndani ya katoni ya vigae.

Gorofa ya nne. Lifti ilikufa tangu Pasaka.
Mwadime kapanda na katoni begani, akihema:
"Ikiwa ni siki, nitainywa kwa hasira."

Vikombe ni vile vya kahawa, visivyo na mkono.
Mimi ndimi karani. Naandika nyuma ya bili ya stima,
kalamu ikipenya hadi kwenye tarehe ya mwisho ya kulipa.

Ya kwanza imetoka kwenye friji, ililala na sukuma.
Tikiti maji. La, ganda la tikiti,
pale karibu na kijani ambapo utamu hukata tamaa.
Inapita kooni kama mgeni asiyetaka kusumbua.
Kerubo anasema peasi.
Mwadime anasema ni maji yaliyosoma.
Nimeandika yote mawili.

Ya pili ni nzito, nyeupe, ina machicha;
ukiitikisa unaona maji ya kwanza ya kuosha mchele,
yale tunayomwagia migomba.
Mwadime akaacha mzaha, akaizungusha mdomoni:
"Si busaa. Lakini wamewahi kukutana."

Ya tatu sharti ipashwe. Kerubo akasoma kibandiko:
joto la ngozi ya mtu.
Tukaiogesha chupa ndani ya sufuria kama mtoto kwenye karai,
tukabishana: ngozi ya nani?
Mwadime akachovya kidole. "Ya mdeni," akasema, "bado kidogo."
Ilipokuwa tayari, mvuke ukanipiga puani na neno moja:
ukoko.
Ule wa chini ya sufuria, wa kugombewa na watoto.
Nimeupigia mstari mara mbili.

Ya nne ina umri wa miaka tisa na rangi ya chai ya mkandaa.
Uyoga mkavu, zabibu kavu,
sanduku la nguo za marehemu likifunguliwa.
Sikuipenda.
Nimeifikiria wiki nzima.

Ya tano ndogo, nyembamba, kioo kitupu ungedhani.
Juu yake tarakimu: 35.
Kerubo akaeleza. Wanaukoboa mchele, wanaukoboa tena,
siku mbili, siku tatu, punje inabaki kama shanga,
sehemu thelathini na tano katika mia.
Zilizobaki? Unga. Vumbi. Zimekwenda.

Nikaonja. Hakuna kitu. Halafu ua. Halafu hakuna kitu.

Mimi ni wa Wang'uru.
Kwetu mpunga ulienda kinuni, punje nzima zikapanda lori,
zikaja huku Nairobi kulia sikukuu za watu.
Sisi tulikula chenga.
Nilikuwa na ndevu nilipoona kwenye sahani yangu
wali wenye ncha zote mbili.

Saa nne usiku nikampigia Mama.
Hulala saa mbili, lakini alipokea,
akidhani kuna msiba.
Nikamweleza: thelathini na tano, Mama, katika mia.
Kimya. Chura wa mifereji nyuma yake.
Kisha: "Na hizo sitini na tano, wanampa nani?"

Nikamuuliza Kerubo. Hakujua.
Hayashida angejua, ila kwao bado hakujapambazuka.

Ilikuwa tamu, nisidanganye.
Nilirudia mara mbili, na ya tatu nikamnyang'anya Mwadime.
Kwenye bili nimeandika: ya tano, nzuri mno, haina chenga.
Kisha nikaifuta "mno."

Bili ingali kwenye mlango wa friji,
upande wa maandishi yangu ukitazama nje.
Wa kulipa sijaugeuza.