Kisichofumwa

Baba, hapa hakuna mtande wala mshindio.
Punje nyeupe za plastiki zinamiminwa
kwenye joto la nyuzi mia mbili na thelathini.
Hizo ndizo nyuzi za kwanza, na hazishikiki.
Uji wake unatemwa kupitia matundu elfu,
upepo baridi unauvuta uwe mwembamba,
unaanguka ovyo juu ya ukanda unaokwenda
kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi.
Kisha roli mbili za moto, zenye vipele,
zinabana: shika, shika, shika.
Basi. Ndiyo nguo.

Ulicheka, Bekir, mfuma kutnu wa Gaziantep,
uliyetanda hariri siku tatu
kabla ya kurusha pisi mara moja.
Ukakiinua kitambaa changu dirishani, ukatafuta upindo.
"Zöhre, hii ni karatasi yenye majivuno."
"Kisichofumwa hakifumuki," nikakujibu.
Ukaninunia hadi Ijumaa.

Mita mia nne kwa dakika.
Barakoa, gauni la daktari, kifuko cha chai,
blanketi la stroberi usiku wa jalidi.

Leo sina zamu.
Nakugeuza ubavu, nakufunga nepi,
naitambua: vipele vya almasi, roli namba tatu,
na ule mkwaruzo tulioupitisha Jumanne
kwa sababu msimamizi alikuwa na haraka.
Vidole vyako vinapapasa kiunoni,
vinahesabu, bado vinatafuta uzi.

"Laini," unasema.

Kesho nitaitupa jalalani,
nayo itatuzika sote wawili.