Sweta Jepesi, Llanberis

Nilitaka lile nene, zito kama blanketi la hospitali.
Eluned, mwuzaji, akatikisa kichwa:
"Mlimani utatoka jasho,
na jasho likipoa ndiyo baridi yenyewe."

Akanipa la kijivu, jembamba.
Nikaliinua dirishani:
mwanga ukapenya, nikaiona mvua ya nje
ikishuka ndani ya kitambaa.
Hili? Kwa upepo ule?

"Upepo ni kazi ya koti.
Hili linatunza joto lako mwenyewe."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema mama.
Huu ni wangu,
na ni usufi vilevile.

Nikalipa. Zipu ikapanda hadi kidevuni,
ikaning'ata ndevu.
Nje, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba,
sikukunja mabega.