Fomu ya Mchungaji Nyaguthii

Miaka ishirini na minane nilipima pareto kiwandani Nakuru.
Mkulima wa Molo akishusha gunia, sikusifu ukubwa wake.
Ua bichi hujaa maji, na maji si mali.
Tulichota konzi moja, tukaipeleka maabara,
na bei ikatoka kwenye kile kisichoonekana ndani ya ua.

Sasa ni karani wa presbiteri. Kila Januari
meza yangu ya jikoni hujaa fomu za wachungaji.
Sifa kwanza: shahada ya theolojia, chuo na mwaka.
Majaribio, miaka miwili.
Mtihani wa imani, wa sakramenti, wa sheria za kanisa.
Kura ya washirika. Tarehe aliyowekewa mikono.
Siku hiyo nilikuwepo. Mvua ya Elburgon ilipiga mabati
hata maswali ya kiapo tukayauliza kwa kupaza,
naye akajibu kila moja kwa kupaza, kama anayebishana na mawingu:
Ndiyo! Kwa msaada wa Mungu, ndiyo!
Watoto walicheka. Mimi pia.

Kisha kazi.
Ibada alizoongoza: mia moja na nne.
Meza ya Bwana: mara nne kanisani, tisa vitandani mwa wagonjwa.
Ubatizo: ishirini na mmoja,
mmoja wao hospitalini, usiku, kwa kikombe cha chai.
Vikao vya wazee: kumi na viwili; kimoja kilivunjika kwa sababu ya ploti.
Mazishi: thelathini na saba.

Hapo kalamu yangu ilisimama.
Mwezi wa pili lori liliwapata wanakwaya karibu na Salgaa.
Majeneza sita, juma moja.
Alisoma zaburi ileile mara sita,
na kila mara aliisoma kama barua iliyofika asubuhi hiyo.

Mwisho wa fomu pana mistari miwili: Mengineyo.
Wengi huandika "Hakuna". Wengine huomba pikipiki.
Nyaguthii ameandika, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto:
"Tangu Februari sina ombi langu mwenyewe. Naomba ya kitabuni.
Washirika hawajatambua. Je, bado nastahili?"

Sheria naijua. Fundisho potovu lina kifungu.
Fedha zikipotea, kuna kifungu na kamati.
Mchungaji akilewa, akizini, akikataa uhamisho, yote yana namba.
Nimepekua mpaka taa ya sola ikafifia.
Ukavu hauna kifungu.

Ukavu. Neno la kiwandani hilo.
Ua lisilokaushwa hatukulinunua.
Ningeweza kumwandikia hivyo, na lingependeza, na angenishukuru kwa adabu.
Lakini niliona pia pareto iliyosahauliwa juani,
nguvu yote imekwenda, imebaki majani tu.
Nilimrudishia mwenyewe, nikamtazama akivuka geti na gunia lake.
Kwa macho, hizo mbili huwezi kuzitofautisha.

Nimefungua faili la siku ile ya mvua.
Baada ya maswali yake palikuwa na letu:
Nanyi, je, mtampokea, mtamtii katika Bwana, mtambeba?
Na chini yake, mwandiko wangu mimi, Muraguri:
"Washirika walisimama, wakaitikia."
Tuliitikia nini, kwa mvua ile?
Nakumbuka midomo ikichezacheza.
Na jibu letu hilo, miaka kumi na moja sasa,
halijawahi kuchapiwa fomu.

Kesho ni Jumatatu, siku yake ya mapumziko.
Nitapanda hadi Elburgon na nusu debe ya viazi,
fomu imo mfukoni, haijapigwa muhuri.
Sitamhoji. Nitamenya viazi kama atanipa kisu.
Chai ikija, nitaiombea mimi,
ombi la mama yangu, la Kikuyu, fupi, ambalo sehemu yake nimeisahau.
Akitaka, ataitikia Amina.
Asipotaka, tutakunywa.