Zamu ya Kikombe

Dukani hakuwa na jina. Aliingia Ostrava
ndani ya mfuko wa samaki wengine, amegandama
kwenye plastiki kama stempu iliyokosea barua.
Muuzaji akasema: huyu simjui, mchukue kwa bei ya konokono.

Vojmír akamchukua.
Majuma matatu alimkodolea kwa lenzi, akahesabu meno,
akaandika nyuma ya daftari la bili za gesi:
kambare, urefu wa kidole cha shahada,
mdomo chini ya kidevu, duara, kikombe cha nyama;
kwao mto Sanaga, pale maji yanapopiga mwamba
na kisichojua kushika huchukuliwa.

Basi akamjengea maporomoko sebuleni.
Pampu mbili, na mawe aliyoyachemsha
kwenye sufuria ya supu.
Maji yakikimbia, samaki hutulia.
Yakitulia, hufa.

Jirani wa chini, Radoslava, aliijua nusu tu ya habari hii,
nusu inayonguruma usiku na kutikisa dari.
Alikwisha kuandika barua nne za malalamiko.
Ya tano ilikuwa mezani, haijafungwa.

Januari, barafu ikaelemea nyaya, mtaa wote ukazimika.
Kimya kingi kina mshindo:
ndicho kilichomwamsha.
Akapanda ngazi na tochi, koti juu ya gauni la kulalia,
maneno yote yamejipanga mdomoni.

Mlango wazi. Tangi limevikwa blanketi mbili,
na Vojmír, maji hadi viwikoni,
anachota, anainua, anamwaga,
anachota, anainua, anamwaga.
"Usisimame tu," alisema bila kugeuka. "Nimulikie."

Akamulika. Kidude cha rangi ya chai iliyomwagika
kimejibandika kiooni, tumbo jeupe likimtazama yeye,
mashavu yakipwita mbio mbio.
"Kadogo hivi?"
"Kadogo hivi."

Saa nane akapokea kikombe. Mia mbili, kisha zamu.
Barua hawakuzigusa.
Vojmír alisimulia bega lake, lililoteguka kiwandani
mwaka wa mafuriko; Radoslava, dada yake wa Olomouc
asiyepiga simu. Mia mbili. Zamu.

Saa kumi na moja na robo umeme ukarudi.
Pampu zikanguruma, sakafu ikatikisika,
samaki akaachia kioo, akachupa hadi kwenye jiwe lake,
akashika.

"Zina kelele kweli," alisema Radoslava,
akikamua mkono wa koti.
Akashuka. Alipotafuta ufunguo mlangoni pake
ndipo alipogundua kikombe bado anacho.