Keki ya Kurasa Kumi na Nane

Saa ya ukutani ilikata roho mwaka ule wa mafuriko
nami sikuipeleka kwa fundi.
Keki ya ndizi, kwa jiko langu hili la Bondeni,
huiva kwa kurasa kumi na nane za maandishi madogo,
ishirini na mbili makaa yakiwa ya mti laini.
Mkate wa maziwa ni sura nzima.
Biskuti ni shairi moja refu, ulisome polepole,
usiruke beti.

Sina joko. Nina sufuria mbili
na mchanga nilioubeba mwenyewe kutoka mto Njoro:
ndogo ndani ya kubwa, mchanga katikati,
mfuniko, na juu ya mfuniko makaa.
Moto juu, moto chini, na mimi kwenye kigoda
na kitabu.

Hiki nilikitoa kwa Kiplimo wa nyuma ya soko,
anayevipima mkononi kama viazi.
"Hiki kizito, mama. Themanini."
Hakina jalada. Kinaanza ukurasa wa tisa,
mtu tayari ana hasira na sijui nani kamkosea.
Pembeni mwa ukurasa wa arobaini na moja
msomaji wa kabla yangu kaandika kwa penseli:
MWONGO MKUBWA.
Nikakubaliana naye.
Hatujuani, lakini tumeshamsengenya mtu pamoja.

Ijumaa nikaponda ndizi nne zilizopiga weusi,
mayai matatu ya kuku wa Mama Wanjugu,
siagi, na sukari niliyoipunja kidogo kumridhisha daktari,
nikakoroga mpaka mwiko ukaacha njia nyuma yake.
Nikaitia motoni, nikafungua mia na tatu.
Nikifika mia ishirini na moja, nifunue.

Lakini kwenye mia na kumi na tisa
yule mjane alifungua sanduku la marehemu
akakuta ufunguo wa nyumba asiyoijua,
na mimi, na akili zangu zote, nikatoka naye,
tukapanda kilima, tukajaribu kufuli moja baada ya jingine
mpaka pua ikanirudisha Bondeni
kwa kunivuta sikio.
Mia thelathini na nne.

Nikakwangua kwa kisu. Nikaifunga kwa leso hivyo hivyo,
maana gari moshi la Ijumaa halingoji mtu wa majuto
ijapokuwa lenyewe hungojwa sana.
Lilifika usiku wa manane, limechelewa, halina hata aibu.
Safari hii naijua kwa ngozi:
Molo hunivika sweta,
Londiani hunifunga leso kichwani,
kisha kunapambazuka Muhoroni, harufu ya miwa iliyochemshwa
inaingia dirishani bila tiketi,
na ninaanza kuvua.
Sikusoma. Kitabu kilikaa mapajani, juu ya keki,
kikipata joto lake la mwisho.
Bwana aliyeketi mbele yangu alivifikiria vyote viwili,
nadhani keki zaidi.

Akeyo alikuwa stesheni ya Kisumu na mwavuli wake wa jua.
Hakuniuliza habari za magoti.
Nyumbani kwake Nyalenda, chai ya tangawizi mezani,
alikigeuza kipande chake, akakitazama chini
kama daktari wa meno.

Miaka thelathini anakula keki zangu.
Ile iliyotoka manjano juu hadi chini, laini, haina kosa,
aliimaliza yote akasema,
"Kitabu hicho mrudishie mwenyewe."
Hii aliitazama kimya.
Akaukwangua weusi kwa ukucha, akauonja.
Akajifuta vidole kwenye kanga,
akanyoosha mkono.

"Lete."

Na mimi bado sijajua ni kufuli lipi.